Zamu ya Pipa

Ukilisugua jani la mnili kiganjani, unapata ukijani wa kawaida tu. Buluu haimo. Kilichomo ni kitu kisicho na rangi, wataalamu wa kemia hukiita indikani, nacho hakiwi nili mpaka majani yaloweshwe yachache, maji yapigwe yavute hewa, na chembe za buluu zishuke chini ya pipa kuwa tope zito. Nilifundisha sayansi shule ya msingi mpaka nikastaafu, na habari hiyo peke yake ingenitosha kwa somo zima la darasa la saba, na majaribio juu. Lakini tangu kikundi chetu kilipoanza kupanda mnili hapa Pongwe, nje kidogo ya mji wa Tanga, kilichonikaa kichwani si kemia. Ni ratiba.

Nili ina haraka zake. Tunakata alfajiri, umande haujakauka, mmea ukiwa unakaribia kutoa maua, maana hapo ndipo jani limeshiba. Jua halijawa kali majani yawe yameshazamishwa kwenye pipa na kukandamizwa kwa mawe. Kwa joto letu hukaa humo usiku mmoja na kipande cha mchana. Ukiyatoa mapema, maji hayana kitu. Ukichelewa, yanaoza na rangi inaharibika humo humo. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kukesha, ayatazame maji mpaka yawe na ukijani unaometameta, juu yake utando wa rangi ya shaba, na harufu iwe imeanza kukera lakini haijafukuza watu. Akishaona hivyo anapiga simu, hata iwe saa kumi usiku, na wenzake wanakuja na kanga zao kichwani.

Hapo inaanza kazi yenyewe. Majani yanatolewa, chokaa inatiwa, halafu maji yanapigwa: unachota kwa ndoo, unainua, unamwaga kutoka juu, unachota tena. Povu linapanda la kijani, linageuka buluu, linajaa mpaka linamwagika, kisha pole pole linapungua. Ukiacha katikati umepoteza shamba zima. Hakuna mwanamke wa Pongwe, hata mwenzetu muuza mihogo mwenye mikono ya kubeba magunia, aliyeweza kulipiga pipa hilo peke yake mpaka mwisho. Wanapokezana. Mimi umri umenitupa mkono, kazi yangu ni kusimama na taa na kuhesabu ndoo.

Mwaka 1877 mpiga picha mmoja, Oscar Mallitte, alipiga picha za kazi hii karibu na Allahabad, India. Mpwa wangu alinionyesha kwenye simu yake: wanaume wamejipanga ndani ya birika la nili, miti mikononi, wakiyachapa maji. Niliitazama muda mrefu. Kazi ilikuwa ile ile yetu, karibu hatua kwa hatua. Tofauti ni kwamba birika lilikuwa la mtu mwingine, na rangi, na kitabu cha hesabu, na saa ya kuanza na ya kumaliza. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiamini kwamba nili popote ilipokwenda imekusanya watu, kwa sababu haina namna nyingine ya kupatikana. La kuuliza ni nani aliyepiga mbiu ya kukusanyika.

Huku kwetu tunajua mambo ya kukusanywa. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche ya katani kutoka Florida, ikapitia Hamburg, na iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62. Kutokana na hiyo michache mkoa wa Tanga ulifunikwa na mistari ya katani, kutoka pwani mpaka Korogwe na kuendelea. Katani nayo ina haraka zake, maana jani likikatwa linatakiwa lifike kwenye korona, mashine ya kulisaga, kabla halijakauka. Inataka watu wengi, na wenyeji wa hapa, Wadigo na Wabondei, walikuwa na mashamba yao ya kulima. Basi watu wakatafutwa mbali: Kigoma, Songea, Njombe, Burundi, Msumbiji. Kuanzia 1944 kulikuwa na shirika zima la kazi hiyo, Silabu, lenye kambi zake njiani. Waliofika waliitwa manamba kwa sababu kila mmoja alikuwa namba, na kila mmoja alikuwa na kadi ya kipande ambayo haikulipwa mpaka siku 30 za kazi zimetimia. Katikati ya miaka ya 1960 kamba za nailoni na plastiki zikaangusha bei ya katani. Mashamba mengi yalirudi kuwa pori. Watu wakabaki, wengi wao hawakuwa na pa kurudi.

Wajukuu wao ndio majirani zangu. Katika kikundi chetu yuko bibi mmoja aliyezaliwa kambini, baba yake Muha aliyeletwa kutoka Kigoma. Namba ya baba yake anaijua mpaka leo, anaitamka bila kukwama. Jina la babu yake hana hakika nalo.

Ni huyo bibi aliyetuanzishia haya, ingawa yeye mwenyewe hakubali. Sisi tulikuwa na kikoba tu, kama vikoba vingine vyote: hisa kila Jumatano, mfuko wa jamii wa misiba na wagonjwa, faini kwa mchelewaji na kwa anayepokea simu kikaoni. Baadhi ya wanachama walikuwa watengenezaji wa batiki na vikenge. Waliwahi kufundishwa kwenye mafunzo ya ujasiriamali, na tangu hapo walikuwa wakinunua rangi za unga, kostiki na haidro, wakifunga vitambaa kwa uzi na kuchovya nyuma ya nyumba. Bei ya rangi ikawa inapanda kila walipokwenda dukani. Kostiki nayo iliwababua vidole. Siku moja wanalalamikia hayo kikaoni, na bibi yuko pembeni anatafuna mzizi kama mswaki, nami nikamuuliza mti gani huo. Akanionyesha kichaka kando ya njia ya kwenda Amboni, cha majani madogo mawili mawili na maua mekundu yaliyofifia. Nilikata tawi, nikalifunga kwenye gazeti, nikalipeleka kwa mtaalamu wa mimea. Akaniambia ni mnili wa asili ya upande huu wa Afrika, Indigofera arrecta, na kwamba mbegu zake ziliwahi kuchukuliwa mpaka Java na India kwa kuwa unatoa rangi nyingi kuliko ule wa huko. Kichaka chetu kilikuwa kimeshazunguka dunia na kutumikisha watu, nasi tunakifungia mbuzi!

Kupanda hakukuwa na makuu. Mbegu ina ganda gumu, tulizisugua kwa mchanga na kuziloweka katika maji ya moto kabla ya kusia. Ardhi ilitoka kwa mwanachama mwenye shamba la mahindi lililochoka, naye hakuitoa kwa ukarimu. Nilimweleza kwamba mnili ni wa jamii ya kunde, unarudisha rutuba, na mabaki ya majani yakitoka pipani yanakuwa mbolea. Akapiga hesabu zake, akakubali. Nilipenda kwamba alipiga hesabu. Anayetoa ardhi kwa kuona huruma huidai akikasirika.

Tatizo lilikuwa ujuzi. Kano, kaskazini mwa Nigeria, yapo mashimo ya kutilia rangi ya Kofar Mata ambayo yanasemekana kuchimbwa mwaka 1498. Msafiri Heinrich Barth alipofika mji huo mwaka 1851 alikuta biashara ya nguo za nili ikiendesha maisha ya watu wengi. Huko kazi ni ya wanaume, na mtoto hurithi shimo la baba yake. Kusini, kwa Wayoruba wa Abeokuta, vyungu vya rangi vilikuwa vya wanawake, na ujuzi ulipita kwa mama na binti. Tena Osogbo tangu 1983 Nike Davies-Okundaye amekuwa na kituo chake, anafundisha bila malipo wasiojiweza. Kote huko pana mtu wa kumuuliza. Sisi hatukuwa na mama wala baba wa kurithi kwake. Tulikuwa na simu ya mpwa wangu, na ndani yake Mfaransa mmoja, Michel Garcia, anayefundisha kuchovya nili bila haidro, kwa chokaa na sukari ya matunda tu. Mpwa wangu anatafsiri, akina mama wamemzunguka, kila mmoja anasema yake. Chokaa? Amboni wanachoma chokaa, hiyo ipo. Matunda? Ndizi zilizopitiliza, wauzaji wanazitupa jioni. Tende zinafaa pia, lakini tende ni ghali, nani atazitia pipani wakati Ramadhani haiko mbali.

Niseme kwa ufupi kinachofanyika, maana ni kizuri. Nili iliyokauka haiyeyuki katika maji, unaweza kuikoroga mpaka kesho. Sukari ya ndizi ikikutana na chokaa ndani ya maji ya vuguvugu inaipa nili elektroni, na hapo inayeyuka, inapoteza buluu yake yote. Pipa lililo tayari ni la manjano yenye ukijani, juu lina utando wa shaba na mapovu ya buluu katikati. Kitambaa kinaingia cheupe, kinatoka cha kijani, kinakutana na hewa na kugeuka buluu mbele ya macho yako. Nimeona wanaume wazima wa mtaani, waliokuja kutudhihaki, wakiomba kitambaa kichovywe tena ili waone vizuri.

Lakini pipa hilo la pili, la kuchovyea, lina adabu zake tofauti na la kwanza. La kwanza linataka watu wengi kwa usiku mmoja. La pili linataka mtu mmoja kila siku, bila kukosa. Asubuhi unafunua, unatazama rangi, unanusa, unakoroga taratibu kwa mti mrefu bila kuingiza hewa, unaangalia kama chokaa imepungua nguvu, unaongeza ndizi ikibidi, unafunika. Usipofanya hivyo siku kadhaa linarudi kuwa buluu, maana yake limelala, na kuliamsha ni gharama. Hapa ndipo sheria za kikoba ziliposhindwa. Kikoba humtoza faini mchelewaji, akalipa, mambo yakaisha. Pipa halipokei faini.

Tukaweka zamu, na nikashauri liwepo daftari: kila mwenye zamu aandike rangi aliyoikuta, harufu, na alichoongeza, ili wa kesho ajue. Wazo la mwalimu. Lilikuwa na kasoro ambayo nilipaswa kuitarajia, kwamba wanachama wanne hawakujua kusoma kwa uhakika, na bibi wa kambini hakusoma kabisa. Wiki ya kwanza zamu zao zilikuwa na kurasa tupu. Hakuna aliyesema neno. Wenye kuandika wakaanza kuzikagua upya zamu za wasioandika, wakipita "kusaidia kidogo", na wale wanne wakaanza kuchelewa, au kuumwa.

Aliyelimaliza jambo hilo ni bibi, wala hakuitisha kikao. Alichana merikani vipande vyembamba vya upana wa kidole. Kila asubuhi ya zamu yake alichovya kimoja kwa muda wa kusoma Alhamdu mara tatu, akakianika, kikikauka anakibandika kwenye daftari kwa ubwabwa. Ukurasa wake ulikuwa na habari nyingi kuliko wangu. Ukiandika "rangi nzuri", uzuri wa nani? Kipande cha nguo kinakuambia pipa lilikuwa na nguvu gani jana na leo limeshuka kiasi gani, na ukivipanga sambamba unaona hata siku ambayo mtu alizidisha chokaa. Baada ya muda mfupi wote tulikuwa tunabandika, na waliokuwa wakiandika wakaacha kuandika, isipokuwa mimi kwa ukaidi. Daftari sasa limenenepa halifungiki. Bibi ndiye analisoma vizuri kuliko sote. Akipitisha kidole juu ya vipande vya mwezi mzima anakuambia nani alikuwa na zamu siku ipi, na huwa hakosei, maana kila mkono una haraka yake.

Wageni wanaotutembelea huuliza tumejengaje umoja wetu. Nadhani wanataka kusikia habari za uongozi, au semina. Hatupendani kuliko watu wa mtaa mwingine wowote. Wako wawili kati yetu waliogombana juu ya mpaka wa kiwanja na mbuzi aliyekula mihogo, ugomvi ukafika kwa mtendaji na kwa sheikh, na haukuisha. Kwa bahati ratiba ya kupiga iliwaweka ndoo kwa ndoo, mmoja anapokea kwa mwenzake. Nilidhani nitaombwa kuibadilisha. Sikuombwa. Wakaja usiku, wakapiga, mmoja akichoka mwenzake anaona bega limeshuka na anapokea ndoo bila kuambiwa. Asubuhi wakaondoka kwa njia mbili tofauti. Mpaka leo hawasalimiani sokoni, na kwenye arusi ya binti wa mmoja wao, mwingine hakukanyaga. Zamu hawajakosa. Zamani ningesema huo ni unafiki. Siku hizi naona pengine huu ndio ujirani ambao watu wengi wanaumudu, kwamba najua bega lako linavyoshuka ingawa sitaki kujua habari zako.

Fedha ndiyo iliyotutikisa. Nisidanganye, nili haitajirishi. Kilo 100 za majani mabichi hazikupi hata kilo moja ya rangi kavu, na ile rangi ya kiwandani ilishaua biashara hii zamani. Kampuni ya BASF ya Ujerumani ilianza kuuza nili ya kutengenezwa mwaka 1897, na miaka michache baadaye wenye mashamba ya India walikuwa wakifunga milango. Kinachotupatia kitu ni nguo zilizokwisha kuchovywa, tena kwa wageni wa Unguja na Arusha.

Basi akaja mfanyabiashara kutoka Dar es Salaam, mtu mstaarabu, amevaa vizuri, anaongea pole pole. Alitaka rangi yetu yote ya msimu, na msimu unaofuata, na alikuwa tayari kutoa arubuni siku ile ile. Fedha taslimu, mezani. Ulikuwa mwezi wa ada za shule. Nilitazama nyuso za akina mama na nikaona wengi wameshazigawa kichwani.

Nikaomba kusema. Nikawasimulia habari za Bengali, kwa sababu nilikuwa nimezisoma na kwa sababu mwalimu hastaafu. Huko mkulima alipewa arubuni na mwenye kiwanda cha nili, akapangiwa alime nili mahali palipofaa mpunga, na bei akaipanga mwenye kiwanda. Mavuno hayakutosha kulipa arubuni, deni likaingia mwaka wa pili, likaingia kwa mtoto. Mwaka 1859 wakulima wa Nadia walikataa kupanda, na ukaidi huo ukaenea wilaya kwa wilaya mpaka serikali ikaunda tume mwaka uliofuata. Dinabandhu Mitra akaandika tamthilia juu yake, Nil Darpan, na mmisionari James Long aliyesimamia kuchapwa kwa tafsiri ya Kiingereza akatozwa faini na kufungwa mwezi mmoja. Na bado haikuisha. Champaran, katika Bihar, wakulima walilazimishwa kutenga sehemu tatu katika kila ishirini za ardhi yao kwa ajili ya nili, mpaka Gandhi alipokwenda huko mwaka 1917 kuandika malalamiko yao mmoja mmoja, na sheria ya mwaka 1918 ikaufuta utaratibu huo.

Walinisikiliza kwa heshima. Sidhani kama niliwashawishi. India mbali. Lakini mmoja wetu aliyeolewa huku akitokea Masasi alisema neno moja, "Kangomba," na kina mama wawili wakacheka kicheko kisicho na furaha. Kwao kusini, mnunuzi wa kangomba humfuata mkulima wa korosho wakati njaa imebana, akazichukua korosho kwa bei ya kutupa kabla msimu haujafunguliwa. Halafu bibi akamgeukia mgeni.

"Mwanangu, hiyo pesa tukishaila, pipa litakuwa la nani?"

"La kwenu, bibi. La kwenu siku zote."

"Na tukitaka kulilaza?"

Mgeni akasema hapo ingebidi tuelewane. Bibi akaitikia kwa kichwa, akarudi kuchambua mbegu zake. Kikao kiliendelea mpaka magharibi, na tulichoamua si ushujaa wowote: tutamuuzia rangi kwa uzito, analipa anapopokea, arubuni hatuchukui. Ada za shule zikatoka kwenye mkopo wa kikoba, kwa riba yetu wenyewe, na wapo walionung'unika kwamba riba hiyo nayo inauma. Wana haki. Yule bwana alinunua mara moja, kidogo, hajarudi. Wapo wanaoamini kwamba tuliifukuza riziki, na kila mwezi wa ada unapofika jina lake hutajwa, nami hutazamwa.

Kuna neno jingine nililojifunza nikiwa na umri huu, nalo linahusu rangi yenyewe. Wageni wanapenda nguo nzito ya buluu iliyoiva hadi karibu na weusi, bila ua wala doa. Kwao hiyo ndiyo nili. Tulipotoa gora la kwanza la namna hiyo, mwenzetu mmoja wa ukoo wa zamani wa Ngamiani, mjini Tanga, alilishika, akalinusa, akalirudisha mezani.

"Mwalimu, hii sivai. Hii kaniki."

Wasichana hawakuelewa. Karne ya kumi na tisa pwani hii ilivalishwa merikani kutoka Massachusetts, na kaniki kutoka India. Kaniki, nyeusi-buluu, ilikuwa nguo ya kazi ya watumwa na maskini. Baadhi ya wanawake waliokuwa watumwa waliichovya merikani kwa nili wao wenyewe wapate kaniki. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897, na huo ni mwaka ule ule wa BASF, wanawake walianza kuivua na kujifunga kanga, zenye maua na rangi na maneno. Kuivua ilikuwa ni kusema wewe ni nani. Sasa sisi, zaidi ya miaka mia baadaye, tumejibidiisha kuirudisha, tena tukijisifu kwamba ni ya asili.

Kikundi kiligawanyika na bado kimegawanyika. Wapo wasemao rangi haina kosa, na mzungu anayelipa hana habari za kaniki. Yule wa Ngamiani anachovya kila kitu, zamu yake haipungui, lakini lazima afunge vikenge kwanza, weupe ubaki mahali. Nguo zake zina miduara mingi midogo, safu kwa safu, na mafundo anayafunga usiku akisikiliza redio. Wanawake wa mjini wananunua za kwake kwa arusi. Bibi wa kambini kwa upande wake hujifunga ile nyeusi tupu, na anasema inamfichia tope. Mimi naona wote wawili wanajua wanachokivaa, na sijawahi kuomba waafikiane.

Mwaka huu tumefiwa na mwanachama, yule muuza mihogo. Tulimzika, mfuko wa jamii ukatoa sanda na chakula, hayo yana sheria zake. Lisilo na sheria ni zamu yake. Binti yake anafanya kazi dukani Dar es Salaam, amekuja akitaka hisa za mama yake kwa fedha taslimu, ikiwa ni pamoja na sehemu ya pipa. Hisa za kikoba zinahesabika, tumempa. Sehemu ya pipa inahesabiwaje? Mwenye shamba anasema anayetaka sehemu aje apige. Wa Masasi anasema usiku aliopiga marehemu ni jasho lililokwisha kutoka, na jasho la marehemu ni haki ya mtoto. Bibi amelifungua daftari na anaonyesha vipande vyote vya marehemu, ukurasa baada ya ukurasa, navyo ni vingi kuliko vya mtu mwingine yeyote isipokuwa yeye mwenyewe. Binti amevitazama, ameuliza kama anaweza kupewa vile. Hilo nalo limezua mjadala, maana ukivibandua daftari linapoteza kumbukumbu zake.

Kikao kimepangwa Jumamosi baada ya kuvuna, na suala hilo ni la pili. La kwanza ni chokaa, imepanda bei.